Siki si ya kila meza: kuchagua visafishaji vya asili vya nyumba na fanicha

Nyumba tuliyokuwa tumepanga Milimani, Kisumu, ilikuwa na sakafu ya teraso, ile ya zamani yenye vipande vya mawe meupe na meusi. Iling'aa hadi dirisha likaonekana chini. Siku moja nikatumiwa video kwenye simu: siki, ndimu na maji ya moto, "dawa ya asili isiyo na kemikali". Nikapiga deki sebule nzima. Ilipokauka, sakafu ilikuwa imepauka kama ubao wa darasa uliofutwa kwa mkono. Fundi wa polishi niliyemwita aliinama, akaigusa, akacheka kidogo. "Mama, hii umeipikia kachumbari." Teraso ni saruji na vipande vya marumaru, yaani mali ya chokaa, na asidi hula chokaa. Haijali kama imetoka kiwandani au mtini. Kusagwa upya kwa sebule ile kulimeza pesa ya sabuni ya mwaka mzima.

Tangu hapo, nikiona chupa iliyoandikwa "asili" huwa na maswali matatu. Uchafu wenyewe ni wa aina gani? Umekaa juu ya nini? Na maji ya suuza yatakwenda wapi? Hatua zilizo hapa zinafuata maswali hayo. Nimekaa zaidi pale nilipowahi kuharibu kitu.

Hatua ya 1: Utambue uchafu kwanza

Ukuta ulio juu ya jiko, pale unapokaangia omena na mbuta, una mafuta yaliyoganda na masizi. Huo ni uchafu wa kuondolewa na kitu cha alkali: sabuni, magadi, majivu. Alkali huyakata mafuta yakakubali kuondoka na maji. Ukiupaka siki utasugua mpaka jioni na mafuta yatakutazama tu.

Magamba meupe ndani ya birika, ukungu mweupe wa maji kwenye kioo cha bafu, alama kwenye mdomo wa bomba: hayo ni madini, na hapo ndipo siki na ndimu zinapata kazi yao halali. Chemsha siki na maji nusu kwa nusu ndani ya birika, iache saa moja, mwaga, suuza mara mbili. Kutu nyepesi kwenye kisu nayo hutoka kwa ndimu na chumvi.

Harufu ya samaki wengi hupambana nayo kwa manukato, lakini ina sababu yake. Samaki akianza kukaa hutoa kitu kiitwacho trimethilamini, ambacho ni cha upande wa alkali. Ndimu ikikigusa, kinageuka kuwa aina ya chumvi isiyopaa hewani, na pua inapumzika. Ndiyo maana kibao cha kukatia samaki husuguliwa kwa nusu ya ndimu na chumvi ya mawe, kisha kikaoshwa kwa sabuni. Bibi zetu hawakulijua jina hilo la kikemia, lakini ndimu walikuwa nayo.

Damu, maziwa na yai vinataka maji baridi kwanza. Maji ya moto huvipika vikashikilia kitambaa. Doa la manjano ya pilau kwenye kitambaa cha meza lifue kwa sabuni, kisha ukianike juani kingali kibichi. Rangi ya manjano haiwezani na jua. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja mawingu kwa mawingu jioni, wakafia kwenye madirisha na kuta: wafagie wakiwa wakavu. Ukitangulia na tambara lenye maji, unapaka ukuta uji wa wadudu.

Hatua ya 2: Kijue kitu unachokisafisha

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, kwa hiyo soma polepole.

Teraso, marumaru na sakafu ya saruji: sabuni laini tu, bila siki wala ndimu. Sakafu nyekundu ya saruji iliyopakwa polishi ya nta ina adui mwingine, magadi, kwa sababu yataivua nta yote ukabaki na madoa ya rangi mbili. Vigae vya kauri vinavumilia karibu kila kitu, ila ile saruji nyembamba iliyo katikati yake haipendi asidi ya kila siku.

Sufuria za alumini zisilale kwenye magadi. Alkali kali huzifanya nyeusi na kuzila. Sugua, suuza, kausha.

Kwa mbao, swali si mti gani peke yake. Kuna mvule, ambao kwa asili una mafuta yake na mchwa hauupendi. Kuna msaipresi na mkaratusi. Na kuna zile mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, zinazotumika kwenye meza za televisheni, ambazo maji yakiingia ukingoni huvimba kama mandazi na hazirudi tena. Swali kubwa ni mbao imepakwa nini. Tone la maji litakupa jibu. Lidondoshe sehemu iliyofichika, chini ya meza au nyuma ya mguu, usubiri dakika tano. Likinywewa na mbao ikawa nyeusi kidogo, mbao iko wazi au ilipakwa mafuta tu. Likibaki limejikusanya, kuna vanishi au laka. Kisha jaribu tone la spiriti mahali pengine palipofichika: pakianza kunata, hiyo ni polishi ya zamani ya shelaki, na spiriti, maji ya moto na chupa ya "kisafishaji cha asili" yenye mafuta ya machungwa vyote viwekwe mbali nayo.

Viti vya gugu maji na mafunjo, vile vinavyosukwa Dunga na kuuzwa kandokando ya barabara, ni nyasi. Vina kiu. Nitavirudia.

Hatua ya 3: Jaza kabati kwa vitu vichache

Ukiingia supamaketi utaona rafu nzima ya chupa za rangi. Nyumba ya kawaida haihitaji zaidi ya vitu saba au nane.

Sabuni ya kipande ndiyo ya kwanza, ile nyeupe au ya krimu isiyo na manukato makali. Huko Nakuru hutengenezwa kipande ambacho wengi wa Magharibi mwa Kenya hufulia. Wapo wauzaji watakaokwambia sabuni yao "haina kemikali". Hakuna sabuni ya kweli isiyopitia soda kali. Mafuta na soda kali hugeuzana yakawa sabuni na gliserini, na kipande kilichotengenezwa vizuri hakibaki na soda ya kuunguza. Paruza gramu 50 kwenye lita 1 ya maji ya moto, koroga, acha ipoe: umepata sabuni ya maji ya kuta, viti na sakafu kwa wiki nzima. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji ya kisima yenye madini mengi hugandisha sabuni ikaacha utando, kisha watu wanailaumu sabuni.

Ya pili ni soda ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu. Ni alkali ya upole, inasugua bila kukwaruza sana na inameza harufu. Usiichanganye na ile poda ya keki yenye wanga na asidi ndani. Hiyo ni ya keki, ibaki kwenye keki.

Magadi ni ndugu mkali wa soda hiyo. Yanachimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado, nasi tunayajua zaidi sokoni, mawe ya kijivu yanayowekwa kando ya mrenda na kunde. Ndani yake mna kaboneti na bikaboneti ya sodiamu kwa pamoja, ndiyo maana yanalainisha mboga na pia yanakata mafuta ya mwaka juzi kwenye feni ya jikoni. Kijiko 1 cha chakula kwenye lita 1 ya maji ya moto kinatosha. Vaa glavu. Usiyatumie kwenye sufu, hariri, ngozi, alumini wala mbao.

Majivu ni ya bure, na jamii za Magharibi zimeyajua kwa kina: musherekha, ule wa kulainishia mboga, ni maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mabua na maganda ya maharagwe. Yanayofanya kazi humo ni kaboneti ya potasiamu, na ndiyo hiyohiyo inayong'oa masizi kwenye sufuria. Chekecha majivu ya kuni safi. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa hayana nafasi jikoni. Na kabla ya kuteleka sufuria kwenye mafiga, ipake nje tope la majivu na maji. Masizi yatashika tope badala ya chuma, na jioni kila kitu kinatoka kwa suuza moja. Sijaona chupa ya dukani inayoshinda hilo.

Siki iwe nyeupe, isiyo na rangi, ya asilimia 5. Nyingine zimechachushwa, nyingine ni asidi ya asetiki iliyotiwa maji kiwandani. Kwa saladi tofauti ipo, kwa birika haipo, kwa hiyo nunua ya bei nafuu. Ndimu na chumvi unazo tayari.

Cha mwisho ni kitu ambacho wengi hupita karibu nacho bila kukijua. Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi, karibu na Gilgil, kuna machimbo meupe ya Kariandusi. Ule weupe ni diatomaiti, mabaki ya mwani mdogo sana wa majini ulioishi pale zamani sana ziwa lilipokuwa kubwa. Unga wake ni laini kwa vidole lakini una makali madogo: unasugua sinki na vyuma bila mikwaruzo mirefu, na ukinyunyizwa kwenye nyufa za kitanda unakwaruza ngozi ya kunguni na mende wakakauka. Funika pua na mdomo unapounyunyiza. Umetoka ardhini, ni wa asili kabisa, na mapafu hayautaki.

Vya kusugulia: dodoki kavu, brashi ya katani, matambara ya fulana za zamani. Msasa, jina tunaloita karatasi ya kukwaruzia mbao, ni jina la mti wenye majani makavu makwaruzo ambayo maseremala waliyatumia kabla ya karatasi. Nayataja kwa sababu nimeona mtu akisugulia majani hayo sufuria isiyoshika chakula. Usifanye hivyo.

Hatua ya 4: Isome chupa, na ile isiyo na maandishi ipime

Ukichagua cha kununua, neno "asili", "herbal" au picha ya jani la mshubiri halikuambii chochote. Tafuta orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji na mahali alipo, tarehe, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye nambari ya kibali. Nambari hiyo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi: andika SM# ikifuatwa na nambari, utume kwa 20023. Kama ni dawa ya kuua wadudu, inapaswa pia kuwa na nambari ya usajili ya bodi ya viuadudu, hata ikiwa imetengenezwa kwa maua.

Lakini tuseme ukweli, wengi wetu tunanunua sabuni ya maji ya mtungi wa lita 5 kutoka kwa mtu wa mtaani. Mimi pia nanunua. Hutengenezwa kwa ufacid (asidi ya kutengenezea sabuni), ungerol (kitu cha kutoa povu), soda na chumvi, na mikono mizuri hutoa sabuni nzuri. Tatizo ni vipimo. Ufacid ikizidi, sabuni inabaki na asidi inayochubua vidole. Soda ikizidi, ngozi inakauka na vanishi ya meza inafifia. Wala usidanganywe na uzito. Chumvi ndiyo inayofanya sabuni ya ungerol iwe nzito, kwa hiyo ile inayoteremka kama asali huenda ina chumvi nyingi kuliko sabuni. Povu nalo ni maonyesho tu.

Ipime kwa kabeji nyekundu. Katakata majani machache, mwagia maji yanayochemka, acha yapoe. Utapata maji ya zambarau. Weka vijiko viwili kwenye kikombe cheupe. Chukua sabuni, izimue kwa maji mengi ili rangi yake isikuchanganye, tia kijiko kimoja. Ikibaki zambarau au ikawa ya buluu, iko karibu na katikati, inafaa kwa vyombo na mikono. Ikiwa ya waridi, ina asidi. Ikiwa ya kijani, ni ya alkali. Sabuni ya kipande itaonyesha hivyo na si kosa lake, hiyo ni tabia ya sabuni. Ikielekea manjano, mrudishie mwenyewe mtungi wake. Watoto hupenda kipimo hiki kuliko katuni.

Na sabuni ya aina yoyote isikae kwenye chupa ya soda. Mtoto haisomi chupa, anaikumbuka. Hilo ni kweli zaidi kwa mafuta ya taa, ambayo wengine bado wanafutia viti "ving'ae". Yakimezwa usimtapishe mtoto, yataingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Hatua ya 5: Usichanganye ovyo

Video zote hupenda siki na soda ya kuokea pamoja kwa sababu vinachemka. Kinachochemka ni gesi ya kaboni dioksidi ikitoroka. Asidi na alkali zimeuana, na umebaki na maji yenye chumvi kidogo. Povu hilo linaweza kusukuma taka kwenye bomba la sinki, basi. Kwa kusafisha, tumia kimoja, suuza, kisha kingine. Na ukiifunga mchanganyiko huo kwenye chupa, kifuniko kitakurukia usoni.

Sabuni ya kipande na siki pia haziishi nyumba moja. Siki huirudisha sabuni kuwa mafuta, na utaona madonge meupe yakielea kama maziwa yaliyokatika.

Sasa hili si la kuharibu sabuni tu. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na mkojo uliokaa, hutoa gesi nyingine inayokaba koo. Choo kimwagiwe maji kwanza, Jik ije baadaye, peke yake. Ukisikia kifua kinabana, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kumalizia.

Hatua ya 6: Fanicha

Nilipopeleka meza ya mvule ya mama mkwe kwa seremala mmoja Kibuye, alipitisha kiganja juu yake akauliza, "Mnaiosha na nini?" Nikamwambia maji ya sabuni kila Jumamosi. Akatikisa kichwa. "Meza haiogi, mama. Meza inafutwa." Hiyo ndiyo kanuni yangu ya fanicha hadi leo.

Kila siku mbili, kitambaa kikavu cha pamba, ukifuata mistari ya mbao. Vumbi la msimu wa kiangazi lina mchanga, na ukilisugua kwa nguvu unapiga msasa bila kujua. Mara moja kwa wiki, tambara lililokamuliwa mpaka halidondoki, lenye tone la sabuni ya kipande. Fuatisha tambara la maji matupu, kisha kavu. Si zaidi.

Usiing'arishe mbao kwa mafuta ya kupikia. Yatang'aa siku tatu, halafu yatabaki yakinata, yakusanye vumbi na kunuka kama karai la chipsi. Mbao iliyo wazi au ya mafuta inataka nta. Wauza asali ya Baringo mara nyingi wana nta pia, ukiwauliza. Kama ni chafu, iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji yakipoa.

Kwa mchanganyiko, pima nta gramu 50 na mafuta ya kitani gramu 200. Maduka ya vifaa vya ujenzi huyaita linsidi. Weka kwenye bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja, maana nta hushika moto na inayeyuka ikiwa na joto la nyuzi 65 hivi tu. Ikiyeyuka, koroga, mimina kwenye kopo lenye mdomo mpana. Ikipoa inakuwa laini kama siagi. Paka kidogo sana, kiasi cha kucha kwa upana wa kiganja, subiri nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kiteleze. Mara mbili kwa mwaka inatosha: kabla ya mvua za Machi na kabla ya Krismasi, wageni hawajaja.

Jambo moja kuhusu mafuta ya kitani. Yale yaliyoandikwa "boiled" yametiwa madini ya kuyakausha haraka. Yanafaa kwa mguu wa meza, hayafai kwa kibao cha chakula. Na tambara ulilopakia, ya aina yoyote yale mafuta, usilikunjekunje ukalitupa pembeni. Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na tambara lililorundikwa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au lilowekwe kwenye maji kabla ya kutupwa.

Meza yenye vanishi haihitaji nta hii. Haitaingia ndani, itakaa juu kama uchafu mpya. Ifute tu.

Alama nyeupe ya kikombe cha chai ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Changanya majivu laini yaliyochekechwa na matone ya mafuta, sugua kwa kidole kilichofungwa kitambaa, polepole, ukifuata mistari, kisha futa. Alama ikiwa nyeusi, maji yameshafika kwenye mbao yenyewe, na hapo ni kazi ya seremala.

Viti vya gugu maji na mafunjo adui yao ni unyevu wa Kisumu kuliko uchafu. Vipige brashi kavu kila wiki, uingie kwenye misuko. Doa lifutwe kwa tambara lenye sabuni kidogo, kisha kiti kikae kivulini penye upepo hadi kikauke kabisa, ndipo kirudi ndani. Ukungu ukianza, kitoe nje, kipige brashi ukiwa umefunika pua, kipanguse kwa spiriti, kipate jua la asubuhi. Jik itauondoa weusi na kuondoka na nguvu za nyasi. Na kama ukungu unarudi kila mwezi, kisafishaji hakina kosa. Sogeza kiti mbali na ukuta, fungua dirisha.

Sofa la velveti: nyunyizia soda ya kuokea kavu, liache nusu saa, lipige brashi kwa mwelekeo mmoja. Ngozi bandia: sabuni laini, bila siki wala spiriti, la sivyo itapasuka kama matope ya kiangazi. Vile vitambaa vilivyofumwa kwa mkono tunavyovilaza mgongoni mwa sofa, vya pamba nyeupe vikalowe usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu, sabuni na kijiko cha soda ya kuokea, vianikwe juani vikiwa vimetandazwa, si kuning'inizwa, visivutike. Vya uzi wa sintetiki vipate maji baridi.

Hatua ya 7: Jua pale asili inapokomea

Eneo hili limewahi kupitiwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitakuambia ndimu inatosha. Mtu akiharisha au kutapika ndani ya nyumba, ondoa uchafu, osha kwa sabuni, kisha tumia Jik: ikiwa ni ya asilimia 3.5, sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 6 za maji, iache dakika 10, suuza. Siki haifanyi kazi hiyo. Siku za kawaida, sabuni na maji safi vinabeba vijidudu vingi kwa kuvisuuza tu.

Pareto ya Molo, dawa ya wadudu itokanayo na maua, nayo ni ya asili, na ni dawa nzuri ya mende kwa sababu jua huivunja haraka na haikai nyumbani wiki nzima. Lakini samaki ni rahisi sana kuuawa nayo. Usioshee pampu yake kwenye mtaro wala mtoni.

Hatua ya 8: Fuata maji yako hadi yanakoishia

Kisumu, maji ya sinki yaliyo kwenye bomba la taka huelekea mitambo ya Kisat au mabwawa ya Nyalenda. Yasiyo kwenye bomba hushika mtaro. Yote mwisho wake ni Ghuba ya Winam, isiyo na kina kirefu, ambako gugu maji limesumbua tangu miaka ya 1990. Fosforasi ni mojawapo ya vyakula vyake. Kwa hiyo ukinunua sabuni ya unga, chagua isiyo na fosfati. Gugu lile lile utakuja kulikalia kama kiti, lakini si lote linaweza kusukwa.

Nakuru ni tofauti kidogo: maji taka ya mji huishia Ziwa Nakuru baada ya kusafishwa, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kilichoingia kinabaki.

Kama nyumba yako ina shimo la maji taka, Jik na magadi kwa wingi huua bakteria wanaolifanya shimo lifanye kazi, na lori la kunyonya litakuja mapema kuliko bajeti yako. Maji ya deki yenye sabuni ya kipande yanaweza kumwagwa chini ya migomba. Yenye magadi yasimwagwe bustanini. Sodiamu hukaza udongo, na sukuma wiki itakuonyesha kwenye majani kabla mwezi haujaisha.